Mvuvi na Zana Zake

Swali tunalotaka kulitazama safari hii ni hili: Je, mtu aweza kuipenda burudani iliyo halali mpaka ikawa kosa? Tumezoea kuonyana juu ya pombe na kamari, kwa kuwa ubaya wake waonekana waziwazi. Lakini vipi juu ya jambo ambalo lenyewe halina ubaya wo wote, kama kuvua samaki?

Tuanze mbali kidogo. Katika nchi za baridi kali kama Ufini na Kanada, na katika jimbo la Minnesota huko Marekani, maziwa huganda mpaka watu hutembea juu yake. Wako wanaotoboa tundu katika barafu kwa keekee kubwa, wakaketi hapo na kutumbukiza mshipi na ndoano. Si kwamba wamekosa kitoweo. Samaki wauzwa madukani. Wanachotafuta ni utulivu, na ile furaha ya kuhisi mshipi ukivutwa na kitu kisichoonekana. Lakini baada ya keekee hutakiwa kibanda cha kuzuia upepo. Baada ya kibanda, jiko. Baada ya jiko, mtambo wa kuonyesha samaki walipo chini ya maji. Wengine huishia kuwa na ghala zima la zana.

Huenda msomaji wa Mugumu au Sirari akacheka, kwa kuwa sisi barafu twaijua kwa kuhifadhia samaki aliyekwisha kuvuliwa. Lakini watu wa namna hiyo hata kwetu wako. Mto Mara, utokao milima ya Mau nchini Kenya, ukapita Serengeti na kuingia Ziwa Viktoria karibu na Musoma, una watu wauendeao si kwa njaa bali kwa mapenzi, huko nje ya mipaka ya hifadhi. Hatuwasemi wavuvi wa ziwani, ambao wavu kwao ni jembe. Twawasema wavuao kwa burudani.

Tuseme yuko mfanyakazi wa mshahara mjini Tarime. Alianza na mshipi mmoja na ndoano mbili. Sasa ana fimbo 7 za kuvulia, masanduku ya chambo bandia cha kila rangi, maboya na machubwi yasiyohesabika. Mtoni alifika mara mbili tu mwaka mzima. Mkewe akiuliza habari za sare za watoto, yeye hujibu kwamba ashukuriwe, maana hanywi pombe.

Jibu hilo lasikika zuri, lakini halitoshi. Kutokunywa ni jambo jema, ila si ruhusa ya kutumia fedha za nyumba apendavyo. Mtoto aendaye shuleni na shati lililochanika hapati nafuu kwa kujua kwamba fedha haikwenda baa, bali ilikwenda dukani kwa ndoano.

Tena kuna hasara ya pili, iliyofichika. Sisi tuliopitia chuo cha ualimu twakumbuka kwamba picha na ramani zilizofungiwa kabatini hazikumfundisha mtu ye yote, hata kama zilikuwa nzuri namna gani. Vivyo hivyo zana zikizidi, huchukua nafasi ya jambo lenyewe. Mfikirie ningu. Samaki huyu hupanda mito wakati wa mvua ili atage mayai, na nyavu zilizotegwa midomoni mwa mito zilimpunguza sana. Mtu ampendaye samaki hujua habari hizi, akauzuia mkono wake wakati ufaao. Apendaye zana hujua bei tu.

Hata hivyo tusiwe wepesi wa kumhukumu. Jirani anayemcheka huenda ana ng'ombe 60, wala hakubali kuuza hata mmoja mtoto anapohitaji matibabu. Kwa kuwa kijiji chaheshimu ng'ombe, hakuna amwambiaye kwamba ametawaliwa. Ni kweli, ng'ombe hutoa maziwa na hulipa mahari. Lakini mali isiyoweza kumtoka mtu wakati wa haja imekwisha kuwa bwana wake. Mizani na iwe moja kwa ndoano na kwa ng'ombe.

Wala hatusemi kwamba mtu asiwe na burudani. Aliyefanya kazi juma zima ana haki ya kuketi kandokando ya maji, akarudi mikono mitupu bila kuulizwa kitoweo kiko wapi. Nyumba inayomnyima baba au mama kila furaha isiyoleta faida nayo yakosea, kwa maana binadamu si punda wa mizigo.

Basi kipimo ni kipi? Twasoma kwamba wana wa Zebedayo walikutwa chomboni wakizitengeneza nyavu zao. Wavu unaoshonwa ni wavu uliofanya kazi. Tena walipoitwa, waliweza kuziacha. Hapo twapata maswali mawili ya kujiuliza juu ya kila tukipendacho: Je, chatumika? Na je, haja ikitokea, twaweza kukiacha? Mwenye kujibu ndiyo mara mbili, na aendelee na burudani yake kwa amani. Mwenye kujibu hapana, hata mara moja, hana budi kutengeneza mambo kabla hajanunua tena.

Wala kutengeneza si lazima kuwe kwa huzuni. Mwenye fimbo 7 aweza kuuza 3, sare zikapatikana. Kisha mbili ampe kijana wa jirani, aende naye mtoni Jumamosi, amfundishe kufunga ndoano na kungoja, na amwonyeshe mahali pa kuketi ambapo mamba hafiki.