Ulimi, Mtandao na Mkono wa Serikali

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu zetu Waislamu, zamani neno lililosemwa barazani lilikuwa likisikiwa na watu kumi. Leo mtu hukaa kitandani kwake Mji wa Kale, akabonyeza simu, na neno lake likafika Lamu, Nairobi na Maskati kabla hajaiweka chini. Hapana ajabu basi kuwa serikali hutaka kuutia hatamu ulimi huu mpya. Lakini yatupasa tujiulize: mpaka wa ulimi ni upi, na auweke nani?

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 33, imempa kila mtu haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari na fikira. Wala haikuacha mlango wazi kabisa. Imetoa nje ya haki hiyo uchochezi wa vita na fujo na maneno ya chuki, na imemtaka kila mtu aheshimu haki na sifa za wenziwe. Mpaka huo twaukubali, kwani dini yetu nayo yakataza fitina na uzushi.

Taabu huanza pale sheria inapotumia neno lisilokuwa na kipimo. Kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano kilikuwa kikimtia hatiani mtu aliyepeleka ujumbe wa kuchukiza mno. Adhabu yake ilikuwa faini isiyozidi shilingi 50,000, au kifungo kisichozidi miezi 3, au yote mawili. Lakini kuchukiza mno ni kupi? Mwenye kula mali ya umma huchukizwa mno akiambiwa kuwa amekula! Mwezi wa Aprili 2016, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu alikibatilisha kifungu hicho, kwa kuwa maneno yake ni mapana na mpaka wake haujulikani.

Haikupita miaka mingi. Mwezi wa Mei 2018 ikatiwa saini sheria ya makosa ya kompyuta. Kifungu chake cha 23 kilimwekea mwenye kueneza uongo kwa kujua faini ya hadi shilingi 5,000,000, au kifungo cha hadi miaka 10, ikiwa uongo huo waleta fujo, au waelekea kumvunjia mtu sifa. Tazameni: fujo ya mji na sifa ya mtu mmoja zimetiwa kapu moja! Mwenye cheo akikosolewa, ni wepesi ulioje kwake kusema kuwa amezuliwa.

Sayyidna Abubakar, siku aliyoshika ukhalifa, aliwataka watu wamsaidie akienda sawa, na wamnyoshe akienda kombo. Ikiwa yeye aliomba kunyoshwa, ni mtawala gani wa leo aliye bora kuliko yeye hata asiambiwe neno?

Hata hivyo, tusimnyoshee kidole mtawala tukajisahau. Sura ya Hujurat yatuamrisha kuipeleleza habari tuletewayo na mpotofu, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Ni nani katika sisi asiyepata kupeleka mbele habari asiyoijua asili yake, kwa kuwa tu imemfurahisha? Kila uongo tunaoueneza ni fimbo tunayomtilia mtawala mkononi. Naye akishaishika hampigi mwongo peke yake, humpiga na msema kweli.

Basi twausia mambo matatu. Kwanza, usipeleke habari usiyoihakikisha. Pili, ukikosea, rudi pale pale uliposema ukiri kosa lako. Tatu, mtu akikamatwa kwa neno la kweli, usinyamaze kwa kuwa chama chake si chako au kabila lake si lako. Haki aliyonyimwa yeye leo ndiyo utakayoitafuta wewe kesho usiione.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azihifadhi ndimi zetu na uongo, na azipe ushujaa wa kusema kweli. Amin.