Baba Aliyekuwa Askari

Novemba ni mwezi wa kuwaombea marehemu wetu. Huko Kitai, katika njia itokayo Songea kwenda Mbinga, kijana mmoja alituomba Misa kwa ajili ya babaye, askari aliyepigana vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979 hadi ndani ya Uganda. Akatuambia: "Padri, baba alilitumikia jeshi kwa moyo wote, lakini nyumbani alikuwa mkimya. Sikujua iwapo alitupenda."

Tukamwuliza: "Ada yako ya shule aliilipa nani? Rozari ya jioni aliianzisha nani?" Akainamisha kichwa. "Ni yeye."

Basi na tutafakari. Akida wa Kafarnaumu alikuwa askari, mtu aliyezoea kuamuru na kutii. Hata hivyo alimwendea Bwana wetu kwa ajili ya mtumishi wake mgonjwa. Maneno yake ya unyenyekevu twayarudia katika kila Misa kabla ya Komunyo. Kumbe utii wa kambini na upendo wa nyumbani vyaweza kukaa katika moyo mmoja.

Wengi walirudi kutoka vitani na mambo yasiyosimulika mbele ya watoto. Ukimya wao haukuwa chuki. Enyi watoto, msiwahukumu; waombeeni. Nanyi akina baba mlio hai, msingoje kaburi liwasemee. Waambieni watoto wenu leo kwamba mwawapenda.

Mwenyezi Mungu awajalie marehemu wetu pumziko na amani.