Mwenye Bima na Moto wa Jirani

Suala tutakalo kulizingatia leo ni hili: mtu akiisha kuikatia bima nyumba yake, je, huwa amekwisha kutimiza yote yampasayo? Au hubakia na deni jingine mbele ya jirani zake?

Yaliyotufikisha kwenye suala hili ni mambo yaliyotokea California, katika Marekani. Nchi ile ina kiangazi kirefu, na kiangazi kikikaribia kwisha huvuma pepo kavu zitokazo bara. Mwezi wa Novemba 2018 moto wa msituni uliushukia mji wa Paradise. Watu 85 wakafa, na majengo zaidi ya 18,000 yakateketea. Tena Januari 2025 mioto miwili, mmoja Pacific Palisades na mwingine Altadena, karibu na Los Angeles, iliteketeza majengo zaidi ya 16,000.

Khasara hizi zimeyatikisa makampuni ya bima. Kampuni moja ndogo ilifilisika baada ya moto wa Paradise, na mwaka 2023 ile iliyo kubwa kuliko zote ilikataa kupokea wenye nyumba wapya. Wanaokataliwa hukimbilia mfuko maalumu uliowekwa tangu 1968, ambao malipo yake ni ghali na fidia yake ni pungufu.

Sasa tumsikilize mwenye nyumba asemaye: "Nyumba ni yangu, na bima nimelipa. Ikiungua nitalipwa. Basi nisipofyeka majani, yanamkhusu nani?"

Maneno haya yana makosa mawili. La kwanza, fedha ya bima haishuki kutoka mbinguni. Ni michango ya watu wengi iliyowekwa pamoja, na kila khasara iliyoweza kuzuilika hutolewa katika mifuko ya wale waliojihadhari. La pili, moto haujui mpaka wa kiwanja. Wataalamu wametubainishia kwamba nyumba nyingi haziunguzwi na ule ukuta wa moto utokao msituni, bali na cheche zinazopeperushwa na upepo mbele yake. Cheche hizo huingia katika matundu ya darini, au hutua juu ya majani makavu yaliyojaa katika mifereji ya paa. Na nyumba ikiisha kushika moto, yenyewe huwa kuni ya kuichomea ya jirani. Basi uzembe wa mmoja haubaki kuwa jambo lake peke yake.

Dawa yake inajulikana. Paa liwe la kitu kisichoshika moto. Matundu yazibwe kwa wavu wa chuma wenye macho madogo. Kisiwekwe kitu kiwakacho ndani ya futi 5 kutoka ukutani. Na vichaka vipunguzwe hata kufikia futi 100. Tangu 2022 sheria ya California imeyalazimisha makampuni kumpunguzia malipo afanyaye haya. Na hii ni haki, kwani mwenye kupunguza khatari ya wote astahili kupunguziwa mzigo.

Lakini tusiwe wepesi wa kuhukumu. Wengi wa waliokufa Paradise walikuwa wazee, na wengi walihamia huko kwa kuwa nyumba za miji mikubwa ziliwashinda bei. Kumwambia mtu kama huyo, "Ulijenga pabaya, shauri yako," si uadilifu. Kufagia majani kwataka jasho tu, lakini kubadili paa kwataka fedha. Kwa hivyo kila mtu adaiwe kwa kadiri ya uwezo wake, na asiyeweza asaidiwe na jirani zake na serikali. Kwani usalama wake ni usalama wao.

Ama sisi, twajua kuwa wanavyuoni wameikhitalifu bima. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu lililoko Jidda liliikataza bima ya biashara mwaka 1985, likairuhusu ile ya kusaidiana. Lakini kwa kauli yoyote kati ya hizo, malipo hayasimami mahali pa tahadhari. Na vile vile asemaye, "Yote ni kadari," kisha akaketi, huyo hakutawakali, amezembea tu. Atawakaliye humfunga kwanza ngamia wake.

Wahenga walisema: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Na sisi katika pwani yetu tuna mapaa ya makuti yaliyokaribiana, na cheche moja ya jikoni yatosha kuuteketeza mtaa. Basi kila mmoja wetu na atazame leo jiko lake na paa lake, kisha amtazamie jirani yake mzee asiyeweza kupanda ngazi. Fidia huweza kujenga ukuta mpya. Lakini haimfufui aliyekufa, wala haimwondolei lawama aliyeweza kuzuia asizuie.

Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kutuwafikisha.