Vyumba vya Le Chambon

Somo: Waebrania 13:1–3



Kijiji cha Le Chambon-sur-Lignon kiko nyanda za juu, kusini-kati mwa Ufaransa, karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Tangu reli ndogo ilipofika huko mwaka 1902, watu wa mijini walipanda kila kiangazi kuvuta hewa safi ya misonobari, na wenyeji wakajipatia riziki kwa kuwalaza.

Juni 1940 Ufaransa ilisalimu amri kwa Wajerumani. Siku iliyofuata, wachungaji André Trocmé na Édouard Theis waliwahimiza waumini kuupinga ukatili kwa silaha za Roho. Walioambiwa hayo walikuwa wajukuu wa Waprotestanti waliosakwa na wafalme baada ya 1685. Habari za kujificha walizijua tangu utotoni. Wakaja basi wageni wa namna nyingine, Wayahudi waliokuwa wakiwindwa, wengi wao watoto. Vyumba vilevile vya kiangazi vikawapokea. Wahenga wetu humpa mgeni siku mbili kabla ya kumkabidhi jembe. Hawa walikaa miezi, wengine miaka.

Tuseme kweli yote: sehemu ya malazi hayo ililipiwa na mashirika ya misaada, yakiwemo ya Waswisi. Mimi silioni hilo kuwa doa. Mwenye nyumba ana kuni za kununua na mkate wa kutafuta. Lakini hatari haikulipiwa na yeyote. Alipojua kwamba mgeni wake anatumia vitambulisho vya bandia, naye akanyamaza, hapo alikuwa ametoka kwenye biashara na kuingia kwenye upendo.

Juni 1943 polisi wa Kijerumani walivamia nyumba ya Les Roches, iliyokuwa hoteli kabla ya kugeuzwa bweni la wanafunzi wakimbizi. Msimamizi wake, Daniel Trocmé, ndugu wa ukoo wa mchungaji, alichukuliwa pamoja na vijana wake. Alifia kambini Majdanek mwaka 1944. Waraka kwa Waebrania unataja wageni katika mstari mmoja na wafungwa katika unaofuata. Daniel aliipita mistari yote miwili.

Usharikani kwetu wamo wenye gesti, na vijana kadhaa wanaofanya kazi mapokezi. Ndio wanaomwona kwanza mtu aliyefika usiku bila mzigo, macho yakiwa mlangoni. Jumapili hii tutawaombea kwa majina.