Mkiwapeleka Watoto kwa Mamba

Wanangu, nimewasikia mkipanga kuwavusha watoto daraja la Nyali likizo hii, wakaone mamba. Wapelekeni. Mtoto wa Mji wa Kale mnyama wa magamba anayemjua ni mjusi kafiri wa ukutani na samaki wa Marikiti. Sisi wenyewe tulihadithiwa ya kima na papa, mamba tukawaachia watu wa mito. Ila kabla hamjapanda matatu nisikizeni, maana wazazi wengi huwarudisha watoto waliojifunza kuogopa na kucheka, basi.

Acheni kwanza yale ya nyumbani: "Nyamaza, nitakutia kwa mamba!" Mtoto aliyekuzwa kwa kutishwa, siku akimwona yule adui yake amefungiwa nyuma ya ukuta, huwa wa kwanza kuokota jiwe. Mimi nimeona hata watu wazima wakirusha chupa za plastiki, wakisema mnyama amelala mno. Hakulala. Mamba hana joto lake mwenyewe kama sisi. Hulichukua juani, na likizidi huachama kinywa lipate kutoka. Kutulia kule ndiko kunakomwezesha kukaa miezi bila kula. Kwa hivyo msikimbilie saa ya kulishwa tu, watu wanapopigana vikumbo na kupiga picha. Fikeni mapema, mtoto amtazame akiwa hafanyi kitu, aulize kwa nini hafanyi kitu.

Akishatulia, mwambieni habari za uzazi. Mamba jike, huyu wetu wa Afrika aliyepewa jina la mto Nile, huchimba shimo mchangani kando ya maji, akatia mayai 50 hivi, akafukia. Hukaa karibu nayo kiasi cha miezi 3, akila kidogo sana au asile kabisa. Joto la mchanga ndilo linaloamua watoto wawe majike au madume. Siku ikifika, vitoto hulia vingali ndani ya mayai. Mama husikia, akafukua, akavichukua kinywani mpaka majini. Kwa meno yaleyale! Mtoto akilisikia hilo, hamtakuwa na haja ya kumkataza kurusha mawe.

Wahenga walisema katika msafara wa mamba na kenge wamo. Kwa mambo ya watu walisema kweli, lakini kenge mwenyewe hamfuati mamba kwa udugu: afuata mayai. Mama akiondoka kidogo, kenge hufukua, akala. Wala hawako karibu kwa nasaba jinsi sura zao zinavyotudanganya. Jamaa wa karibu wa mamba walio hai ni ndege. Moyo wa mamba una vyumba vinne, sawa na wa kuku. Wa kenge una vitatu. Siku ya kuchinja kuku, upasueni moyo wake mbele ya watoto, wahesabu wenyewe. Najua kina mama watanilaumu kwa kuwachafulia jiko.

Hao aligeta wanaowaona kwenye televisheni ni ukoo mwingine, wa Marekani na Uchina. Mamba akifumba kinywa, jino la nne la chini hubaki nje. La aligeta hufichika. Hilo lawatosha kwa leo.

Mkiniuliza pa kwenda, nitasema Haller Park, Bamburi. Mamba Village ya Nyali ni karibu zaidi na watoto huipenda, lakini Bamburi mtoto ataona pia ardhi ilivyofufuliwa: yalikuwa machimbo ya mawe ya simiti, jangwa tupu, mpaka Rene Haller alipoanza kupanda mivinje mwaka 1971.

Na msimwachie mtoto adhani mamba wote wana ukuta. Mto Sabaki na mto Tana wana mamba walio huru, na watu huchota maji na kufua mumo humo. Mamba huvizia ukingoni, chini ya maji, hata kiwimbi usikione. Mkienda kwa jamaa zenu Garsen au Hola, waulizeni wenyeji ni wapi pa kuteka maji, mkafuate watakavyosema hata kama ni mbali. Mtoto asiteremke mtoni peke yake, na jua likishakuchwa asiteremke kabisa, hata akiwa na nyinyi.