Kitabu cha Ukumbusho wa Nyumba

(Somo: Yoshua 4, Mathayo 1:1–17)



Israeli walipokwisha kuvuka Yordani, Mungu hakuwaagiza kwanza wajenge mji. Alimwagiza Yoshua achague watu kumi na wawili, mmoja wa kila kabila, nao wakatwaa mawe katikati ya mto, pale pale miguu ya makuhani iliposimama, wakayachukua mabegani hata mahali walipolala usiku ule. Hayakuwa mawe ya thamani. Yalikuwa mawe ya mtoni tu. Na sababu yake Maandiko yaieleza waziwazi: siku moja watoto watauliza, na baba zao hawana budi kuwa na la kujibu.

Angalieni neno hili vema. Jiwe halisemi. Jiwe humfanya mtoto aulize, lakini anayesema ni mzazi. Mzazi akiisha kufa, au akinyamaza, basi mawe yale ni mawe tu, na mbuzi watapanda juu yake.

Mwezi huu nataka kunena habari za mawe yaliyo ndani ya nyumba zetu, yaani picha. Katika mitaa ya Temeke na Kinondoni, nyumba nyingi za Wakristo wetu ni za watu waliotoka mbali: Usambara, Upare, Uchagani, Buhaya, Ubena, Unyakyusa. Walikuja na sanduku, na sanduku lile lingali chini ya kitanda. Ndani yake mna cheti cha ubatizo, picha ya kipaimara, kadi ya harusi, tiketi ya treni ya TAZARA, barua ya mama iliyokunjwa mara nne, kipande cha kanga aliyobebewa mtoto wa kwanza, na vijitabu vya ibada za maziko. Siku hizi wako akina mama na vijana wavitoao vitu hivi sandukuni na kuvibandika katika kitabu kikubwa, wakipamba kurasa kwa vipande vya kitenge na karatasi za rangi, na kuandika maneno machache kando ya kila kitu. Wengine husema kwamba huo ni mchezo wa watu wenye nafasi. Mimi nami nalisema hivyo, hata mjane mmoja wa Mbagala aliponifundisha vingine.

Mwaka 2009, tarehe 29 Aprili, mabomu yalilipuka katika ghala ya silaha ya jeshi huko Mbagala. Watu walikufa, nyumba nyingi zilibomoka, na wengine walikimbia bila viatu, wasijue watoto wao wako wapi. Mjane huyo alikimbia pamoja nao. Aliporudi alikuta bati limefunguka juu ya chumba chake, na mvua ya masika imenyesha juu ya sanduku. Aliniambia kwamba kitanda kilichovunjika hakikumliza, wala kabati. Alilia alipoona picha za marehemu mumewe zimegandamana kama mkate. Naamini wako wengi wamjuao machozi hayo: hata katika mafuriko ya Desemba 2011, yaliyowaondoa watu katika bonde la Msimbazi hata wengi wakahamishiwa Mabwepande, maji hayakuchagua kati ya godoro na picha ya mama.

Picha chache zilipona. Baada ya miaka kadhaa mjukuu wake, aliyekuwa katika mafundisho ya kipaimara, alianza kumtengenezea kitabu. Siku moja niliwakuta barazani, mkasi na gundi mkekani, na binti yule ameshika picha ya harusi ya babu yake. Upande mmoja ilikuwa imekatwa, kukabaki mkono tu juu ya bega la bwana arusi.

“Bibi, huyu aliyekatwa ni nani?”

Bibi hakujibu. Akasema maji ya chai yanachemka, akaondoka.

Nilikaa pale nikifikiri habari za Yoshua. Mtoto alikuwa ameuliza, na mzazi hakuwa na la kujibu.

Hapa nitatoka njiani kidogo. Wamisionari wa Leipzig walipofika Kilimanjaro mwaka 1893, wao na wenzao waliowafuata walipiga picha nyingi mno. Nyingi zaweza kuonekana leo kwa intaneti, katika mkusanyo wa picha za misioni uliowekwa na chuo kikuu cha Southern California kule Marekani. Ukizitazama utaona kwamba mara nyingi jina la mmisionari limeandikwa, na Mwafrika asimamaye karibu naye ameitwa mwalimu, au mwanafunzi, au mwanamke wa Kichaga, basi. Huyo alikuwa nyanya ya mtu fulani. Twasikitika, na ni haki yetu. Walakini fungua sanduku lako mwenyewe, ndugu, ugeuze picha nyuma. Je! kuna jina? Wazungu walikuwa na udhuru wa ugeni. Sisi udhuru wetu ni nini?

Tena kuna jambo gumu kuliko kusahau, nalo ni kukata. Mathayo alipoandika kitabu cha ukoo wa Bwana wetu, mkasi angeweza kuutumia. Angeweza kumwacha Tamari, na Rahabu kahaba, na Ruthu Mmoabi. Akifika kwa Sulemani, angeweza kupita upesi. Hakupita; alikumbusha kwamba mama yake Sulemani alikuwa mke wa Uria, ili kila asomaye akumbuke dhambi ya Daudi katika ukurasa ule ule wa kwanza wa Agano Jipya. Kama nyumba ya Mwana wa Mungu imeandikwa hivyo, sisi ni nani hata tutengeneze kitabu chenye watu wema watupu?

Bibi alirudi na chai, na chini ya birika ameshika kitabu chake cha nyimbo. Alikifungua, akatoa kipande cha picha kidogo kama stempu mbili. Mumewe ndiye aliyekata, kwa hasira, baada ya kugombana na mdogo wake juu ya shamba la baba yao kule bara. Kipande alikitupa. Mkewe alikiokota, akakificha asimwambie mtu, hata mume akafa. Shemeji yake yu hai, akaa upande wa Kinondoni, na tangu maziko yale hawakuwa wamesemezana.

“Ni babu yako pia,” akamwambia mjukuu.

Kwa ajili ya wenye kutaka kuanza, niseme machache niliyojifunza kwao. Andikeni nyuma ya picha kwa penseli laini, maana wino wa kalamu hupenya na kuenea. Msinunue vitabu vile vyenye karatasi za kunata na kifuniko cha plastiki; gundi yake hugeuka manjano na kuing'ang'ania picha. Afadhali pembe ndogo za karatasi, ili picha iweze kutolewa. Kitabu kisikae sakafuni wala kwenye ukuta wenye unyevu, kwa sababu ya mchwa na mende. Picha zilizolowa na kushikana zisivutwe. Zilazwe katika maji safi ya baridi mpaka ziachane zenyewe, kisha zianikwe kivulini, uso juu. Na ninyi vijana wenye picha elfu katika simu, simu yaibwa kituoni kwa dakika moja: chagueni ishirini, mkazichapishe.

Kazi ya binti ilikwama mahali pengine. Ilikuwako picha ya watu tisa mbele ya kanisa la nyasi, wazee wa upande wa babu yake, na bibi hakuwajua, maana aliolewa baadaye. Hapakuwa na mtu aliyesalia wa kuwataja ila shemeji yule. Siku tatu bibi alizungukazunguka neno hilo. Siku ya nne alimtuma mjukuu apige simu.

Mzee alikuja Jumamosi kwa basi, amevaa koti. “Shikamoo, babu,” binti akasema, akampokea mfuko. Mzee na shemeji yake walisalimiana kwa maneno machache, na salamu ikaisha upesi. Kisha akawekewa kiti chini ya mwembe, akapewa miwani ya bibi, kwa kuwa ya kwake aliisahau. Akageuza ukurasa, akaiona picha ya harusi, na uso wake umebandikwa tena mahali pake, na mstari wa mkasi ukionekana katikati. Akautazama kitambo. Hakusema neno juu yake. Akaomba ile picha ya kanisa, akaanza kutaja kutoka kushoto, na binti akaandika. Alitaja saba. Wawili wa mwisho hata yeye hakuwajua. Binti akawawekea mistari miwili mitupu.