Amana ya Kuku

Msomaji aliyezoea kukuta katika kurasa hizi mazungumzo ya vina na mizani ataniwia radhi nikimletea leo habari ya kuku. Si kuku wa mafumbo. Ni kuku wa kienyeji, wa kuchakura, mitetea sita na jogoo, niliokuwa nikiwafuga nyuma ya nyumba yangu mjini Kasulu, katika nyanda za juu za mkoa wa Kigoma, mbali na bahari kuliko nilivyowahi kudhani ningeishi. Kila mwaka nilipofunga safari ya Unguja kwenda kula Idd na ndugu zangu, swali lilikuwa lile lile: nani abaki nao? Kwa udogo wake wote, swali hilo limeninyima usingizi kuliko mengi makubwa niliyoyasoma vitabuni.

Aliyekuwa akibaki nao ni jirani yangu, mama wa Kiha aliyenizidi umri, mjane mwenye kishamba cha migomba na maharage. Mapatano yetu hayakuandikwa popote. Mimi namwachia pumba na mahindi ya kuwatosha; mayai ya siku nisizokuwapo ni yake; mtetea akiangua, vifaranga tunagawana nusu kwa nusu. Hakuna aliyetufundisha. Huku Buha, kumkabidhi mtu mnyama ni jambo lenye mizizi mirefu. Enzi za watawala wa jadi lilikuwapo agano la ng'ombe lililoitwa ubugabire: aliyepewa ng'ombe alipata maziwa na samadi, naye akafungamana na mtoaji kwa heshima na utumishi. Kuku hawana ukubwa huo, wala mimi si mtawala wa mtu, lakini harufu ya agano ilikuwapo.

Sisi watu wa pwani tuna neno letu, amana, na tuna sheria yake. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, katika Minhaj at-Talibin, kitabu ambacho makadhi wetu wamekitegemea miaka na miaka, ana mlango mzima wa vitu vinavyowekwa kwa mtu. Aliyewekewa halipi kilichopotea ikiwa hakuzembea wala hakuvuka mpaka. Na kuhusu mnyama yamo maneno yaliyonishangaza nilipoyasoma kwa mara ya kwanza: mlinzi akiacha kumlisha mnyama hata akafa, atalipa, lakini mwenye mnyama akiwa mwenyewe ndiye aliyemkataza kumlisha, halipi. Washereheshaji wanaongeza kwamba hata hivyo amepata dhambi. Kwa hiyo mdai si mmoja. Mwenye mali anaweza kusamehe haki yake, ila haki ya mnyama hakuumbwa nayo yeye, na hawezi kuisamehe.

Nilidhani mlango ule umemaliza kila kitu. Mwaka 2018 ukanionyesha kwamba umeandikwa zaidi kwa ajili ya anayepokea.

Mwaka huo nilikuwa nikifanya kazi ya ukalimani Kibondo, katika kambi ya Nduta, iliyofunguliwa tena mwaka 2015 kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi. Kirundi sikukisomea shuleni. Nilikipata kwa masikio, kupitia Kiha, kwa kuwa lugha hizo mbili ni ndugu wa karibu mno. Tangu Septemba 2017 safari za kurejea kwao zilikuwa zimeanza, na mtu mmoja aliyejiandikisha kurudi aliniuzia majogoo wawili, mmoja mwekundu na mmoja wa madoa. Bei haikuwa kubwa. Alichokitaka hasa ni nisiwachinje. Nikamwahidi. Nikawatia katika tenga, tenga likapandishwa juu ya basi la Kasulu, na siku tatu baadaye, mwezi wa Juni, nikawapeleka kwa jirani pamoja na mitetea yangu na jogoo wangu wa zamani, nikapanda basi kuelekea pwani. Wote wakalala banda moja na kuku wake kumi na mmoja.

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Tunaitumia methali hii kwa watu, tukasahau kwamba ilianza kwa kuku, na kwamba kamba ile ina hekima ya tabibu: mgeni hutengwa, hutazamwa wiki mbili, ndipo aingie kundini. Mimi mshairi, mpenzi wa methali, sikufunga kamba.

Niliporudi baada ya wiki tatu, uwanja ulikuwa kimya. Mdondo ulikuwa umepita. Ugonjwa huu, ambao wengine huuita kideri, ulielezwa na wataalamu katika miaka ya 1920, Java na katika mji wa Newcastle wa Uingereza uliouachia jina, na mfugaji wa kijijini haambiwi dalili zake: kuku husinzia, huharisha kijani, hupinda shingo, na kundi zima huweza kwisha ndani ya wiki. Mama alinipokea kwa salamu zote, akanikaribisha nikae. Kisha akatoa jikoni kifungu cha miguu ya kuku iliyofungwa kwa kamba ya mgomba. Ilikuwa ya kuku wangu wote. Aliikata na kuikausha juu ya moto ili nisije nikadhani kwamba aliwauza au aliwala. Kuku wake tisa walikufa pia. Walibaki wawili, na mmoja kati yao, tembe mweusi, alikuwa amekwisha kumfunga miguu tayari kunipa.

Nilimpokea. Nilijiambia kwamba kukataa ni kumvunjia heshima, na kweli kungekuwa hivyo. Lakini ukweli huo nilijifichia ndani yake. Usiku ule ule nilihesabu siku. Mdondo huchukua siku chache, kwa kawaida tano au sita, tangu kuingia mwilini hadi kuonekana. Yeye alisema walianza kufa wiki ya kwanza. Maradhi hayakuwakuta kuku wangu kwake. Yaelekea niliyapandisha mimi mwenyewe juu ya basi, kutoka Kibondo. Nikanyamaza. Nilinyamaza mwaka mzima, tembe mweusi akitaga uani kwangu.

Najua yatakayosemwa na mwenye kunitetea: hukujua, na asiyejua hana kosa. Sikubali. Niliujua mdondo, niliijua methali, na chanjo ilikuwa ikipatikana. Nilichokosa ni muda, nao niliukosa kwa kuwa mawazo yangu yalikwisha kufika Unguja. Anayeondoka ana haki ya kuondoka. Binadamu hawezi kuwa mfungwa wa kuku wake. Lakini anapomkabidhi mtu kiumbe, humkabidhi pia yote aliyo nayo kiumbe yule, na yale anayoyajua yeye peke yake ni deni lake hadi ayaseme. Kwamba majogoo walikuwa wageni, kwamba hawakuchanjwa: maneno mawili tu, ya kusemwa mlangoni, na yeye angechagua.

Idd ya mwaka 2019 ilipokaribia sikuweza kumwendea na tenga jingine. Nilimwendea na mitetea kumi, nikamweleza. Alisikiliza huku akichambua maharage.

"Nilijua, mwanangu," akasema. "Yule mwekundu ndiye aliyeanza kusinzia."

Nikamuuliza kwa nini basi alinipa tembe.

"Kuku ulinikabidhi mimi. Hayo mengine yalikuwa yako."

Akapokea mitetea tisa. Wa kumi akamrudisha: huyo, alisema, alikuwa amekwisha kulipa, na malipo hayarudi. Kwa sheria niliyosoma hakuwa na deni hata la unyoya, na nilimwambia hivyo. Hakubishana nami. Alimfungua kamba yule wa kumi, akamsukumia upande wa uani kwangu, akaendelea na maharage yake.

Siku hizi tunachanja wiki tatu kabla ya safari. Tunatumia chanjo ya I-2, inayostahimili joto kuliko zile za zamani, tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kichupa kimoja hutosha kuku wengi, na kikishafunguliwa hakikai, kwa hiyo majirani wa nyumba nne huja na matenga yao alfajiri, kabla kuku hawajatoka bandani. Mama huwashika, mimi natia tone na kungoja kuku apepese jicho. Tunaanza na wa kwake.